George Branham wa Tatu na kifungu kilichofutwa

Mwaka 1986, katika mji wa Glendale Heights, jimbo la Illinois nchini Marekani, kijana aitwaye George Branham III alitwaa taji la mashindano ya bolingi ya Brunswick Memorial World Open. Kwa ushindi huo akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kunyakua taji la PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa kilichoasisiwa mwaka 1958.

Kwa nini ushindi huo ulichelewa kiasi hicho?

Bolingi ni mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha vigingi 10. Hauchagui rangi ya mchezaji. Waliochagua ni viongozi wake. Mwaka 1916, shirikisho la American Bowling Congress liliingiza katika katiba yake kifungu kilichosema kuwa uanachama ni wa wanaume weupe peke yao. Hivyo bingwa mweusi, hata angekuwa hodari vipi, hakuweza kushiriki mashindano ya taifa ya shirikisho hilo.

Waliobaguliwa hawakukaa kimya. Mwaka 1939 walikutana mjini Detroit wakaunda chama chao wenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, na kile cha kutetea haki za weusi, NAACP, vilishinikiza mabadiliko, na kesi zikafikishwa mahakamani. Mwaka 1950 kifungu hicho kikafutwa.

Miaka 12 baadaye, Branham alizaliwa katika mji huo huo wa Detroit. Mwaka 1993 alifikia kilele cha mafanikio yake aliposhinda mashindano ya Mabingwa, Tournament of Champions, jimboni Ohio. Hadi mwaka 1996 alikuwa amejikusanyia mataji 5.

Hata hivyo, aliyemfuata alichelewa. Ni mwaka 2015, mjini Reno, ambapo Gary Faulkner Jr. alitwaa ubingwa wa dunia wa PBA na kuwa Mmarekani mweusi wa pili kushinda taji la chama hicho.

Kufuta kifungu kulihitaji kura ya siku moja. Kutoka kura hiyo hadi taji la kwanza ilipita miaka 36, na kutoka taji la kwanza la Branham hadi lile la Faulkner ikapita mingine 29. Mlango uliofungwa kwa muda mrefu, hata ukifunguliwa, wapitao huwa wachache kwanza.