Mchango si mauzo: historia fupi ya mlango wa forodha, kutoka Lamu hadi kwenye simu yako

1/ UZI. Mdahalo wa siasa siku hizi haukosi ahadi hii: "tutawaletea vijana ajira za kidijitali." Ukumbi unapiga makofi, mwendeshaji anahamia swali jingine. Leo tukae kwenye swali ambalo huwa haliulizwi: ukishatengeneza programu yako, hela inakufikiaje? Na kama huuzi, unaomba mchango tu, nani ana haki ya kuukata? Sitaji mwanasiasa wala chama. Someni mpaka mwisho, halafu tubishane.

2/ Naanza nyumbani, Mokowe. Rafiki yangu alitengeneza programu ndogo ya kuonyesha maji kujaa na kupwa. Kwa mtu wa bara hilo laweza kuwa jambo la kuchekesha. Kwa nahodha anayepita Mkanda si mchezo: maji yakitoka, boti inakaa mchangani na abiria wake mpaka yarudi. Programu inakwambia bamvua ni lini, maji mafu ni lini, na uondoke jetini saa ngapi. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha. Hii ndiyo tunaita programu huria.

3/ Chini kabisa aliweka kitufe: "Changia", na namba yake ya M-Pesa. Anayetaka atume hamsini, asiyetaka aendelee kutumia vilevile. Duka la programu (silitaji, uzi huu si wa kumshtaki mtu) likamwandikia kwamba amevunja kanuni za malipo: aondoe kitufe au programu iondolewe. Akaondoa. Michango ikakauka, bili ya seva haikukauka. Baba yake aliposimuliwa aliuliza swali moja tu: "Kwani umeuza nini?"

4/ Hilo swali la mzee ndilo uzi wote. Na si swali jipya pwani kwetu. Neno "forodha" tunalo tangu zamani. Forodhani ya Zanzibar imepata jina lake hapo, kwenye nyumba ya ushuru. Twende nyuma karibu miaka 200.

5/ Mwaka 1833 Sultani wa Omani na Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Ushuru wa bidhaa zinazoteremshwa ukawekwa 5%. Mwaka 1839 ukafuata mkataba na Uingereza. Lakini Sultani hakukaa mlangoni kuhesabu mizigo. Forodha aliikodisha: mfanyabiashara analipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, halafu anakusanya ushuru mwenyewe. Kinachozidi ni chake. Kampuni ya Jairam Shivji, familia ya Kihindi kutoka Kutch, ilishika forodha hiyo kwa miongo kadhaa.

6/ Sasa angalieni hapa. Aliyekodi forodha hakuwa karani tu. Alikuwa pia mfanyabiashara mkubwa na mkopeshaji, tena aliyemkopesha hata Sultani mwenyewe. Yaani mwenye mlango naye anauza ndani ya soko lilelile ambalo wengine wanalipa ili kuingia. Na kulikuwa na bidhaa za kulindwa: kwa mkataba wa 1839, pembe za ndovu na sandarusi za Mrima hazikuwa wazi kwa wafanyabiashara wa Kiingereza kama bidhaa nyingine.

7/ Kwa hiyo mlango wa forodha una nguvu tatu, zishikeni vidoleni:
– Kila mtu apite hapo.
– Mwenye mlango anaweza kuwa mshindani wako.
– Mwenye mlango ndiye anayesema kipi ni bidhaa na kipi si bidhaa.
Tukibishana mitandaoni tunakazania asilimia. Mimi nasema ile ya tatu ndiyo nzito zaidi.

8/ Turudi kwenye simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. App Store ya Apple ilifunguliwa Julai 2008. Yaani Mkenya alikuwa anatuma pesa kwa simu ya kitufe zaidi ya mwaka mmoja kabla duka hilo halijakuwapo. Sisi hatukungoja mtu atufundishe kumtumia mtu hela kwa simu. Duka lilipokuja likaja na kanuni yake: ukiuza programu, duka linachukua 30%. Duka la Android nalo, lililoanza mwaka huohuo wa 2008 na baadaye likaitwa Google Play, likazoea kiwango hichohicho.

9/ Kisha malipo yakaingia ndani ya programu zenyewe: Apple 2009, Android 2011. Hapa ndipo mambo yalipobadilika. Mwanzo ulilipa mara moja mlangoni. Sasa karani yuko ndani ya nyumba: ukinunua kitu cha kidijitali humo, lazima kipitie kwenye mashine ya duka. Hesabu ya hamsini ya rafiki yangu: ukikata 30%, zinaondoka 15, zinabaki 35. Tangu 2021 maduka yote mawili yalishusha hadi 15% kwa watengenezaji wadogo, kwa hiyo zingeondoka 7.50. Nafuu, ndiyo. Lakini swali la mzee liko palepale: kauza nini?

10/ Je, kanuni hazijui kwamba kuna kitu kinaitwa mchango? Zinajua. Mwaka 2010 Apple ilisema programu zinazochangisha kwa ajili ya mashirika ya hisani zifanye hivyo nje, kwa tovuti au kwa SMS. Novemba 2016 ikaruhusu mashirika yaliyokubaliwa kuchangisha ndani ya programu kwa Apple Pay. Google nayo inaruhusu michango kwa mashirika yaliyosamehewa kodi. Na Apple inaruhusu mtu kumpa mtu zawadi, mradi ni hiari, yote imfikie mpokeaji, na isiwe malipo ya kitu cha kidijitali.

11/ Soma tena hayo masharti polepole. "Yaliyokubaliwa." "Yaliyosamehewa kodi." Sasa kijana mmoja na kompyuta moja, chumbani kwao Mokowe, ni shirika gani? Hapa Kenya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 na ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Miaka kumi na moja, sheria iko kabatini! Na hata ilipotoka kabatini, iliandikwa kwa ajili ya mashirika, si kwa ajili ya mtu mmoja anayeandika msimbo usiku baada ya kazi ya boda.

12/ Msidhani ni sisi wa huku tu. Oktoba 2019 WireGuard, programu huria ya kulinda mawasiliano inayojulikana dunia nzima, iliondolewa Google Play. Kosa lake? Kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa michango. Kiungo kilipotolewa, programu ikarudi. Na China, Aprili 2017, WeChat ililazimika kuzima kwenye iPhone kitufe cha kuwapa waandishi bakshishi, kwa sababu Apple iliitazama bakshishi hiyo kama ununuzi. Mwanzoni mwa 2018 wakapatana, ikarudi.

13/ Mnaona? WeChat ni jitu. Jitu linakaa mezani na duka, wanazungumza, wanapatana. WireGuard ina jina, watu wakapiga kelele. Rafiki yangu alijibiwa na barua pepe ya mashine. Kanuni ni moja, nguvu ya kuijibu si moja.

14/ Sasa tuwe wa haki. Upande wa pili una hoja, na anayegombea akizikwepa msimwache. Duka linakagua programu za kitapeli. Linarudisha pesa mtu akiibiwa. Linalipia miundombinu. Na hebu tuseme ukweli, nani kati yetu hajawahi kutumiwa ujumbe wa mchango feki, mgonjwa asiyekuwepo, mazishi yasiyokuwepo? Ukiruhusu kila kitufe cha "Changia", matapeli wataingia. Pia, mtu anaweza kuuza kitu na kukiita "mchango" ili akwepe ada. Hayo yote ni kweli.

15/ Lakini jibu la utapeli ni kukagua mpokeaji. Si kuamua kwamba kila hela inayopita ni mauzo. Sisi tuna jadi ndefu ya hili. Neno "Harambee" liko kwenye nembo ya taifa. Mwaka 2011, njaa ilipoikumba nchi, watu walichanga kwa M-Pesa katika kampeni ya Kenyans for Kenya, wengine shilingi kumi kumi. Hakuna aliyesema Mkenya aliyetuma kumi "amenunua" kitu.

16/ Na hapa Lamu kuna mfano wa karibu zaidi: kisima cha wakfu. Mtu anachimba, anakitoa kwa ajili ya wote. Maji hayauzwi. Lakini kamba inakatika, ndoo inatoboka, na lazima mtu anunue nyingine. Anayetoa hela ya kamba hajanunua maji. Programu huria ni kisima cha namna hiyo, na mchango ni hela ya kamba.

17/ "Haya, lakini programu huria ni mambo ya wazungu." La hasha. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika nchi nyingi, ulianza 2004 na umekulia Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Na Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi: watu wakituma habari, zinawekwa kwenye ramani. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko.

18/ Ulizeni lakini: ziliishi kwa hela ya nani? Kwa sehemu kubwa, ya wafadhili na wakfu za nje. Ushahidi ilisaidiwa mapema na Humanity United na Omidyar Network, zote za Marekani. Sisemi ni vibaya. Nasema kuna gharama yake: mfadhili ana vipaumbele vyake, akihama umebaki na kisima bila kamba. Mchango mdogo wa watumiaji wengi ndio unaompa mtengenezaji uhuru wa kusema hapana. Kanuni za duka zinabana njia hiyohiyo.

19/ Je, serikali inaweza kufungua mlango wa kampuni binafsi? Watawaambia haiwezekani, wawekezaji watakimbia. Wakumbusheni 2014. Mawakala wa M-Pesa walikuwa wamefungwa kwa Safaricom peke yake. Airtel ikalalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai 2014 Safaricom ikakubali mawakala wahudumie mitandao mingine. Mwaka huohuo Tanzania, mitandao ilianza kutumiana pesa moja kwa moja. Sisi tukafuata 2018. M-Pesa haikufa. Wawekezaji hawakukimbia.

20/ Nje nako wameanza. Agosti 2021 Korea Kusini ilipitisha sheria ya kuzuia maduka ya programu kulazimisha mashine yao ya malipo. Sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya ilianza kubana makampuni makubwa Machi 2024. Marekani, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple iliyoanza 2020, jaji aliamuru Aprili 2025 kwamba Apple isitoze kamisheni kwa malipo yanayofanyika nje kupitia kiungo, rufaa zikafuata. Wote hawa walibishania mauzo hasa. Mchango umebaki pembeni, kama mtoto wa kambo.

21/ Kenya je? Serikali ilipoutazama mlango huu, ilitazama fungu lake kwanza. Januari 2021 ikaja kodi ya huduma za kidijitali ya 1.5%. Desemba 2024 ikabadilishwa kwa kodi nyingine ya makampuni ya nje yanayofanya biashara hapa. Sawa, kodi ni haki ya nchi. Lakini kumtoza mwenye mlango hakumfungulii mlango kijana. Forodha ya zamani ilikuwa hivyo pia: Sultani alipata chake cha mwaka, na yaliyotokea mlangoni yakawa kati yako na mkodi.

22/ Basi mdahalo ujao, mgombea akisema "ajira za kidijitali", mwulizeni haya matatu:
– Mamlaka ya Ushindani itachunguza kanuni za malipo za maduka ya programu, kama ilivyotazama mawakala 2014, au haitachunguza?
– Sheria itatofautisha lini mchango na mauzo, ili mtu mmoja anayetoa programu huria atambuliwe bila kwanza kuwa shirika?
– Serikali inayotumia programu huria hospitalini na maofisini inachangia kiasi gani cha hela ya kamba?

23/ Hilo la tatu watalikwepa sana, angalieni. Ni rahisi kulaumu kampuni ya California. Ni vigumu kueleza kwa nini wewe mwenyewe unateka maji kila siku na hujawahi kununua ndoo.

24/ Na rafiki yangu? Programu bado ipo, bila kitufe. Manahodha wa hapa wanaomjua wanampa hamsini mkononi, jetini, siku wakikutana. Hiyo inafanya kazi kwa Mokowe. Lakini mvuvi wa Vanga anayetumia maji yaleyale kwenye simu ileile hawezi kumpa mkononi. Baba yake bado anauliza kauza nini, na mimi, mwaka wa tatu sayansi ya siasa, sijapata jibu la kumpa.

25/ Mwisho wa uzi. Nikikosea mahali nirekebisheni, ila njooni na hoja, msije na rangi za chama. Na kama unaijua programu huria iliyotengenezwa na kijana wa kwenu, iandike hapa chini tuione.