Studio za Chumbani Soweto West

Kurekodi muziki Nairobi kulikuwa kazi ya mjini. Miaka ya 1960 Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi katika studio ya Equator Sound. Baadaye wapigaji wa benga wakamiminika kwenye studio za River Road. Bendi ilipiga kwa pamoja, kosa la mmoja likawa la wote, na muda wa studio ulikuwa pesa. Nafasi ya kuchezea sauti ilikuwa finyu.

Kompyuta ndiyo iliyoileta studio mtaani. FruityLoops, programu ya Wabelgiji iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, ilimwezesha kijana asiye na gitaa wala ngoma kutengeneza biti. Calif Records ya Clemo na Jua Cali, iliyoanza mwaka 2000, ilionyesha kupitia mtindo wa genge kwamba wimbo wa mtaani hupigwa redioni. Kibera nayo ikamtoa Octopizzo, ambaye jina lake linatokana na matatu za namba 8.

Katika Soweto West, kijiji kimojawapo cha Kibera, chumba ni futi 10 kwa 10 hivi, kuta za udongo au mabati, na juu mabati tena. Mvua ikinyesha kazi husimama. Dawa maarufu ni trei za mayai ukutani, ingawa sifa zake zimezidi uwezo: hupunguza kidogo sauti nyembamba, na kelele za jirani haziguswi. Kwa mwangwi wa chumbani, godoro ni bora. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, na kitu laini hulinyonya vizuri kikiwa na unene wa robo yake, yaani sentimita 8 na nusu. Besi ya hezi 100 ingedai sentimita 85, na hapo mwenye chumba angelala nje.

Maikrofoni ikikosekana, hedifoni huchomekwa penye tundu la maikrofoni. Kiwambo kilichozoea kutoa sauti sasa hutikiswa na sauti, koili husogea ndani ya sumaku, na umeme mdogo huzalishwa. Sauti inayotoka ni nyembamba, kama ya simu ya mezani, nayo hupendeza kwenye kiitikio. Ubeti huimbwa mara mbili na kulazwa juu ya mwenzake ili unenepe. Sauti nyingine hugeuzwa kinyumenyume au kupunguzwa mwendo.

Ufundi huu una wazee wake Afrika. Mwaka 1944, jijini Cairo, Halim El-Dabh alinasa sherehe ya zar, jamaa ya ngoma za pepo za pwani, kwa mashine ya waya, kisha akaibadilisha kwa mwangwi wa vyumba vya redio. Pierre Schaeffer wa Paris alifuata mwaka 1948. Nairobi nayo imemtoa KMRU, ambaye hutunga kwa sauti alizonasa mitaani na mazingirani. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Kelele anazoziwinda ndizo produsa wa chumbani anazozikimbia.

Wimbo ukikamilika, hujaribiwa kwanza kwenye spika ya simu, kisha ndani ya matatu, maana huko ndiko wasikilizaji waliko.