Kemia ya Kadiri Ndogo

Aghalabu majaribio ya kemia katika shule za sekondari hufanywa na mwalimu peke yake mbele ya darasa, wanafunzi wakitazama kwa mbali, kwa kuwa vyombo ni vichache na dawa ni ghali. Na tiba ya udhia huo, iliyokwisha kujaribiwa katika nchi nyingi, ni kumpa kila mwanafunzi kibao cha plastiki chenye vishimo, mrija wa kudondoshea na matone machache ya kila dawa, akalifanya jaribio zima kwa mikono yake mwenyewe. Wataalamu waliliunda jina la njia hii kwa neno la Kiyunani lenye maana ya udogo, wakaliambatanisha na neno la kipimo.

Atakayeliazima jina hilo zima atasema maikroskeli, neno lisilomweleza mwanafunzi kitu chochote; na atakayefasiri kwa haraka atasema kemia ndogo, ambalo kwangu mimi ni baya zaidi, kwani mzazi atadhani kwamba mwanawe anapunjwa elimu. Wala halifai kunasibishwa na hadubini, maana hapa hakuna kisichoonekana kwa macho matupu. Kinachopunguzwa ni kiasi cha dawa tu, na kwa hiyo jina lililo karibu na haki ni kemia ya kadiri ndogo, kwa sababu neno kadiri, ambalo tulilipokea kutoka Kiarabu zamani, linabeba kiasi na kipimo kwa pamoja.

Asili ya kazi yenyewe ni ya heshima. Fritz Pregl wa Graz, Austria, alipokuwa akichunguza asidi za nyongo, alipata dutu kidogo mno isiyotosha kwa vipimo vya siku zile, akabuni mbinu za kuchanganua miligramu chache tu, na kwa ajili hiyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1923. Katika miaka ya 1980 walimu wa Bowdoin College, huko Marekani, walipunguza kadiri ili hewa ya maabara iwe salama. Na baadaye kituo cha RADMASTE katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kikatengeneza visanduku vya vifaa kwa ajili ya shule zisizo na maabara kabisa, vikaenezwa katika nchi nyingi kwa msaada wa UNESCO.

Tone moja ni takriban sehemu ya ishirini ya sentimita moja ya ujazo. Basi palipohitajika sentimita 25 za ujazo za asidi kwa jaribio moja, matone ishirini yanatosha, na asidi iliyokuwa ikiishia katika chupa ya mwanafunzi mmoja itatosheleza darasa zima. Wala kiashiria cha asidi si lazima kinunuliwe: maji ya choya, yaliyochemshwa jikoni, yatakuwa mekundu zaidi katika ndimu na ya kijani katika magadi. Hata gesi ya klorini, ambayo walimu wengi huiogopa, na wana haki, yaweza kutengenezwa kwa tone la dawa ya kung'arishia nguo na tone la asidi ya hidrokloriki ndani ya kisahani kilichofunikwa, mwalimu akiwa karibu: tone la iodidi ya potasiamu lililo pembeni hugeuka kahawia, na karatasi ya litmasi ikapauka, ilhali gesi yote ni chache mno. Mwanafunzi aliyeyaona hayo chini ya macho yake hahitaji kukaririshwa.

Upungufu upo: matone hayalingani kama mrija umeinamishwa, kwa hiyo ushikwe wima, na panapotakiwa usahihi mkubwa bureti haina badala. Lakini shule ngapi zina bureti ya kila mtoto? Nawaomba watungaji wa vitabu vya kemia wayaingize majaribio haya pamoja na jina lake la Kiswahili, na watunga mitihani wayahesabu kuwa majaribio kamili.