Theluji na Tindikali

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe juu ya Kibo akaandika kwamba ni theluji. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley akambeza. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Ubishi ukaendelea mpaka msafara wa von der Decken ulipopanda mlimani mwaka 1862, theluji ikawaangukia wenyewe. Wachagga walikuwa wakiiona kila asubuhi.

Kisa hicho hunijia kila nikisikia mgonjwa wa vidonda vya tumbo anaambiwa "acha mawazo." Shangazi yangu wa Kibosho aliimbiwa wimbo huo miaka na miaka. Mara pilipili, mara mbege, mara eti anawaza sana. Akaacha pilipili, akaacha mbege. Maumivu yakabaki, pamoja na lile neno kwamba amejitakia.

Tusiwacheke majirani. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, vitabu vya udaktari navyo vililaumu mawazo na tindikali. Mgonjwa alizidiwa? Alipasuliwa, ukakatwa mshipa wa fahamu unaochochea tindikali hiyo. Bakteria kuishi tumboni? Haiwezekani!

Mwaka 1979, huko Perth, Australia, Robin Warren alianza kuwaona kwenye hadubini: vijidudu vilivyopinda. Barry Marshall akajaribu kuwaotesha maabara, akashindwa mara nyingi. Pasaka ya 1982 sahani zikasahaulika siku kadhaa, na bakteria wakaota. Wengi hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akawanywa, na tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobeli ilikuja 2005.

Sasa, anaishije kwenye tindikali? Helicobacter pylori hutengeneza kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachovunja yurea na kutoa amonia. Amonia inapoza tindikali inayomzunguka, naye anaogelea hadi kwenye ute wa ukuta wa tumbo. Aina zilizo kali zina kitu kama sindano: zinachoma seli na kuingiza protini ya CagA. Ikiwa ndani, protini hiyo inavuruga amri za seli, jinsi ya kushikana na jirani na lini igawanyike. Protini nyingine, VacA, inatoboa seli mapovu. Kinga ya mwili inakuja kupigana, na vita hivyo vinachubua ukuta. Wengi hawaugui kamwe. Wengine wanapata vidonda, wachache saratani. Ndiyo maana mwaka 1994 bakteria huyu aliwekwa rasmi kwenye orodha ya visababishi vya saratani.

Wala si mgeni. Vinasaba vyake vinaonyesha alitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu, yapata miaka 58,000 iliyopita. Tangu hapo anarithishwa nyumbani, mara nyingi utotoni, toka kwa mzazi au ndugu.

Si kila kidonda ni chake. Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki nazo zinachimba. Ndiyo maana mtu apimwe kwanza. Akikutwa naye, anapewa antibayotiki na dawa ya kupunguza tindikali, na anamaliza dozi yote.

Shangazi alipimwa, akakutwa naye, akamaliza dozi. Siku moja, tukimenya ndizi, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, hayakuwa mawazo yangu?"

Hayakuwa, shangazi.