Neno na Daftari: Historia ya Maadili ya Biashara Kikuubo, Kampala

Mtu anayeingia Kikuubo kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi mahali padogo namna ile panavyobeba biashara kubwa kiasi kile. Ni ujia mwembamba katikati ya mji wa Kampala, si mbali na Uwanja wa Nakivubo na vituo vya mabasi, na kwa Kiganda jina lenyewe lina maana ya kichochoro. Wapagazi hupita na mizigo kichwani wakipiga kelele ili wapishwe. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, biskuti na vyombo vya plastiki hutoka hapa kwenda maduka ya rejareja ya Uganda nzima, na hata Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mzigo mwingi hutoka kwa mkopo, na mara nyingi mkopo huo hauna mkataba wala mwanasheria. Kuna neno la mdomo na daftari tu.

Katika insha hii ninajaribu kujibu swali moja: ni kitu gani hasa humlinda mfanyabiashara dhidi ya hasara, kanuni za maadili zilizoandikwa au mazoea ya uaminifu yasiyoandikwa? Kanuni za maadili ni makubaliano yanayoeleza lipi linaruhusiwa katika kazi na lipi ni mwiko, hata pale ambapo sheria ya nchi haijasema kitu. Kampuni kubwa huyaandika na kuwapa wafanyakazi wake watie saini. Kikuubo haikuwa na kitabu cha namna hiyo, lakini haikukosa kanuni. Historia ya Kampala inaonyesha zilivyojengwa, zilivyovunjwa na zilivyorudishwa kwa shida.

Wakati wa ukoloni biashara ya jumla ya Uganda ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Waasia. Mwenye duka la jumla mjini alimkopesha mwenye duka dogo wilayani, na huyo naye akawakopesha wakulima mpaka msimu wa pamba au kahawa. Mnyororo huu ulishikiliwa na sifa ya mtu: aliyekataa kulipa alijulikana haraka, na mlango wa mkopo ukafungwa. Hata hivyo, uaminifu huo ulikuwa na mipaka. Ndani ya jamaa moja neno lilitosha. Nje yake, mkulima Mwafrika mara nyingi alilalamika juu ya bei na mizani. Malalamiko ya namna hiyo yalichangia ghasia za mwaka 1945 na 1949 katika Buganda. Mwaka 1959 Uganda National Movement, chini ya uenyekiti wa Augustine Kamya, kiliwataka watu wasusie maduka ya wasio Waafrika, na biashara katika Buganda ikatikisika vibaya. Funzo la kwanza liko hapa. Maadili yanayomlinda mwenzako wa karibu tu, yakamwacha mteja nje, hayapunguzi hatari ya biashara. Yanaiahirisha.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na wakapewa siku 90. Serikali iliita jambo hilo Vita vya Uchumi. Maelfu ya maduka, viwanda na mashamba yaligawiwa wenyeji wapya, wengi wao wanajeshi na watu waliokuwa karibu na utawala. Mpaka leo wazee wa Kampala husimulia habari ya mgawiwa duka aliyeulizwa bei ya shati, akasoma namba ya ukosi na kuitaja kuwa ndiyo bei. Iwe kweli au mzaha, kisa hicho kinaeleza jambo la maana: aliyepewa duka hakupewa ujuzi, wala daftari la wadeni, wala sifa iliyomfanya mwenye kiwanda amwamini. Bidhaa zilizokuwa rafuni zilipokwisha, hakukuwa na mtu wa kumletea nyingine kwa mkopo.

Ndipo Kiswahili kikaipa Uganda maneno mawili ambayo hata wasiojua Kiswahili wanayafahamu. La kwanza ni mafuta mingi, jina la matajiri wapya wa wakati ule. Mwalimu wa sarufi atasema yapasa kuwa mafuta mengi, lakini mtaani halikusahihishwa, na limebaki hivyo. La pili ni magendo. Baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda sana, lakini mkulima wa Uganda hakuiona bei hiyo kwenye malipo ya serikali. Kahawa ikavushwa kwa siri kwenda Kenya, na soko la Chepkube, upande wa Kenya karibu na mpaka, likavuma. Sukari na sabuni ziliadimika madukani huku zikiuzwa kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka.

Hatupaswi kuwahukumu wote waliofanya magendo kwa kipimo kimoja. Mwalimu au muuguzi ambaye mshahara wake haukutosha kununua sukari ya wiki hakuwa na njia nyingi. Lakini magendo yaliharibu kitu ambacho hakionekani kwa macho. Katika magendo kila mtu huuza mara moja na kutoweka. Mnunuzi hana wa kumrudia, muuzaji hana sababu ya kulinda jina lake. Mkopo hukauka, na kila kitu hutakiwa taslimu. Serikali ilitangaza adhabu kali kwa waliotuhumiwa makosa ya uchumi, na haikusaidia, kwa sababu baadhi ya waliotakiwa kuzisimamia ndio walionufaika na magendo. Hili ni funzo la pili: kanuni isiyomfunga mkubwa haimfungi mdogo.

Baada ya serikali mpya kuingia Januari 1986, biashara ilianza kurudi polepole. Mabadiliko ya fedha ya Mei 1987, ambapo shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya na kukatwa kodi ya asilimia 30, yaliwaumiza waliokuwa na fedha taslimu mkononi. Miaka ya 1990 ilileta soko huria na safari za wafanyabiashara kwenda Dubai, na baadaye China. Katika kipindi hiki uhusiano wa mkopo ulijengwa upya, mtu mmoja mmoja.

Nimejifunza hayo kwa shangazi yangu, ambaye ana duka la rejareja Mityana. Siku moja aligundua kwamba madumu matatu ya mafuta ya kupikia aliyouziwa Kikuubo hayakujaa. Wateja walikuwa wamekwisha kumlalamikia yeye, si kiwanda. Katika duka moja alilowahi kununua zamani, jibu lilikuwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Safari hii muuzaji wake wa siku zote aliyapima mbele yake, akayabadilisha, akamwambia, “Nnyabo, hasara ya madumu matatu naiweza. Hasara ya kukupoteza wewe siiwezi.” Tangu hapo ni zaidi ya miaka kumi, na shangazi hajahamia kwa mwingine. Kila Ijumaa hutuma fedha kwa simu, na mzigo hufika kwa gari bila yeye kwenda mjini. Nikitafakari, naona maduka yote mawili yalikuwa na kanuni. Moja ilimlinda muuzaji peke yake, na ilikuwa ndiyo iliyoandikwa.

Je, maana yake maandishi hayafai? La. Matukio ya mwaka 1998 na 1999 yanatuzuia kusema hivyo kwa haraka. Benki Kuu ya Uganda ilifunga International Credit Bank mwezi Septemba 1998, Greenland Bank mwezi Aprili 1999 na Cooperative Bank mwezi Mei 1999. Katika mbili za kwanza, mikopo iliyotolewa kwa watu na kampuni zilizohusiana na wenye benki ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Sheria ya fedha ya mwaka 1993 ilikuwepo, lakini usimamizi ulikuwa dhaifu. Wenye amana, wakiwemo wafanyabiashara wa kawaida, walikuta milango imefungwa. Baada ya hapo ikaja Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2004, yenye masharti makali zaidi juu ya wakurugenzi na wenye hisa.

Dunia nayo ina mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa zaidi ya 60. Mwaka 1999 bodi yake ilikubali kuweka kando masharti ya maadili ili mkuu wake wa fedha aendeshe kampuni za pembeni zilizofanya biashara na Enron hiyohiyo. Mwezi Desemba 2001 ikafilisika. Johnson & Johnson ilikuwa na tamko la ukurasa mmoja, lililoandikwa mwaka 1943, likiwaweka watumiaji wa dawa mbele ya wenye hisa. Mwaka 1982 watu saba walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana, kampuni iliondoa madukani chupa karibu milioni 31. Hasara ilikuwa kubwa, lakini wateja walirudi. Tofauti haikuwa urefu wa maandishi. Tofauti ilikuwa nani alikubali kuyalipia siku ya shida.

Leo Kikuubo iko kati ya neno na maandishi. Bidhaa bandia zimeongezeka, na mnunuzi hawezi kuzitambua kwa macho tu. Kwa hiyo kazi ya Shirika la Viwango la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989, ni ya lazima. Uaminifu wa mtu mmoja hauwezi kupima kemikali iliyomo ndani ya sabuni. Vilevile neno haliwezi kuzuia vita: mapigano yalipozuka Juba Desemba 2013, wafanyabiashara wa Kampala walipoteza mali na madeni kwa wateja ambao hawakuwa na kosa lolote. Na mwezi Aprili 2024 maduka ya Kampala, Kikuubo ikiwemo, yalifungwa kwa mgomo dhidi ya mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, EFRIS. Kwa mtazamo wangu risiti ni jambo jema, kwa kuwa humlinda hata shangazi yangu. Lakini wafanyabiashara walilalamika kwamba hawakuelimishwa vya kutosha na kwamba faini ni kubwa. Kanuni inayokuja kama adhabu kabla haijaeleweka huzaa ujanja, na tumeona magendo yalivyozaliwa.

Kwa kuhitimisha, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya Kikuubo inaniruhusu kuongeza kwamba daftari bila neno hupotea pia. Maandishi yanahitajika biashara inapopita mipaka ya watu wanaofahamiana. Lakini yatapunguza hatari pale tu yanapomfunga mwenye duka kabla ya kumfunga mteja, na pale mtu anapokubali kubadilisha madumu matatu ingawa ukuta unamruhusu kukataa.