Mzigo Uliokataliwa: Tarehe ya Shirikisho la Wafanyakazi wa Uchukuzi

Agosti 1889 makuli wa bandari ya London waligoma wakidai peni sita kwa kila saa ya kazi. Walikuwa vibarua wa kutwa, wasimamao langoni alfajiri wakingoja kuteuliwa, na mgomo ulipoingia wiki ya tatu njaa ilikuwa imekwisha kuwafikia. Msaada ukatoka Australia: wafanyakazi na wananchi wa huko walichanga pauni 30,000 hivi, na Septemba waajiri wakakubali. Ben Tillett na Tom Mann, waliokuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo ule, walitoka na fundisho moja: kuli wa bandari moja hamuwezi tajiri wa meli, kwa kuwa meli ikigomewa hapa huenda kupakuliwa kule.

Fundisho hilo lilizaa shirikisho. Mwaka 1896 makuli wa Rotterdam waligoma, na mwaka huohuo wana vyama vya wafanyakazi wa nchi kadhaa za Ulaya wakaafikiana mjini London kuunda chombo kimoja cha watu wa meli, gati na mito. Chombo kilianza na pigo: mgomo mkubwa wa Hamburg, ulioanza Novemba, ulishindwa Februari 1897. Hakikufa. Mwaka 1898 kilifungua mlango kwa watu wa reli na barabara, kikachukua jina lake la leo, Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, au ITF. Mwaka 1904 makao yalihamia Ujerumani chini ya Hermann Jochade. Vita vya 1914 vikalivunja, kwa kuwa wanachama walivalishwa sare na kupelekwa kuuana.

Lilifufuliwa Amsterdam mwaka 1919, na Mholanzi Edo Fimmen akawa katibu mkuu. Chini yake kugoma hakukuwa tena kwa ajili ya ujira pekee. Mwaka 1920 wafanyakazi waliisusia Hungaria, ambako utawala wa Horthy ulikuwa ukiwatesa na kuwaua wana vyama. Manazi walipovamia ofisi za vyama vya Ujerumani, Mei 1933, Fimmen alijenga mtandao wa siri wa watu wa reli na mabaharia waliopitisha habari na maandishi yaliyopigwa marufuku. Gharama ilikuwa kubwa. Jochade alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1939. Fimmen alifia Mexico mwaka 1942, makao yakiwa yamekwisha kuhamishiwa Uingereza.

Tarehe hii ina upungufu wake, nao usemwe. Kwa takriban nusu karne ya kwanza, shirikisho lilikuwa hasa la Wazungu. Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 wakijitegemea. Mombasa ikasimama tena Januari 1947, na kiongozi aliyeibuka humo, Chege Kibachia, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Septemba mwaka huo mgomo wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli hadi bara. Watu wa pwani yetu hawakufundishwa umoja na London. Waliujua kwa jasho la migongo yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ujanja mmoja wa wenye meli ulienea. Tajiri wa Marekani au Ugiriki alisajili chombo chake Panama au Liberia, akakwepa kodi, sheria za kazi na vyama kwa mpigo mmoja. Katika mkutano wa Oslo mwaka 1948 shirikisho lilitangaza vita dhidi ya bendera hizo za kukodi, na Desemba 1958 meli zenye bendera hizo ziligomewa kwa siku nne katika bandari nyingi duniani. Bendera hazikukoma, zimeongezeka. Lakini shinikizo lilizaa mikataba ya ujira, na mwaka 2003 likapatikana jukwaa ambamo wenye meli na mabaharia hujadiliana kwa dunia nzima. Mkataba wa Kazi za Baharini ulipitishwa Geneva mwaka 2006, ukaanza kutumika Agosti 2013, na Kenya ikauridhia mwaka uliofuata.

Mwaka huo wa 2006 mkutano mkuu ulifanyika Durban, na Randall Howard wa Afrika Kusini akachaguliwa kuwa rais. Aprili 2008 meli ya Kichina An Yue Jiang ilifika nje ya bandari hiyohiyo ikiwa na silaha za serikali ya Zimbabwe, uchaguzi wa huko ukiwa umeingia utata. Makuli wa Durban walikataa kuzigusa. Shirikisho likapeleka neno bandari za jirani, na meli ikazunguka bila kupata mikono ya kushusha silaha zake. Waafrika ndio walioonyesha dunia fundisho lililozaa shirikisho linavyofanya kazi.

Leo shirikisho lina vyama zaidi ya 700 katika nchi zipatazo 150, na wakaguzi wake hupanda melini, Mombasa ikiwemo, kudai mishahara iliyozuiwa na kuwarudisha makwao mabaharia waliotelekezwa. Baharia asiye na chama huona shirikisho kuwa jambo la mbali mpaka siku anapokwama ugenini bila mshahara. Asingoje siku hiyo. Nguvu ya wakaguzi hao haitoki London. Inatoka kwa kuli aliye tayari kusema hapana katika bandari ifuatayo, na kuli huyo lazima awe na chama cha kumlinda siku atakapolisema neno hilo.