Kipini Kilichopigwa Tupa

Wapo watu wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya sarafu, na wapo wanaokusanya panga. Sisemi panga za kufyekea shamba. Nasema vitara vya wapanda farasi wa Urusi ya enzi za Tsar na wa nchi za Balkani, pamoja na beji na alama za vyeo za majeshi hayo. Ukitazama kwa haraka utasema hayo ni mambo ya watu wenye fedha na nafasi. Lakini shika kitara kimoja ukichunguze vizuri. Huenda kimetumikia serikali tatu, na kila moja imekiachia jeraha.

Tuchukue kile ambacho Warusi hukiita shashka. Asili yake si Moscow. Ni silaha ya Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, ambao Urusi ilipigana nao kwa miaka mingi katika karne ya 19. Wakosaki waliiga kutoka kwa adui wao, na mwaka 1881 karibu jeshi lote la Urusi likaifanya kuwa silaha ya kanuni. Bapa lake limepinda kidogo tu. Shashka ya Mkosaki haina kikinga mkono, na huvaliwa makali yakitazama juu, ili mkono unapoichomoa uwe umekwisha kupiga. Nyingi zilifuliwa Zlatoust, mji wa Milima ya Ural, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1815 kwa msaada wa mafundi wa Kijerumani kutoka Solingen. Basi silaha hiyo inayosifiwa kuwa ya Kirusi hasa, umbo lake ni la Mcherkesi, na ufundi wa kiwanda ulitoka kwa Mjerumani!

Ofisa aliyeonyesha ushujaa vitani alipewa nishani ndogo ya Mtakatifu Anna, daraja la nne. Hii haikuvaliwa kifuani. Ilibandikwa kwenye kipini cha silaha yake. Kwa kuwa ilikuwa nyekundu na ya mviringo, wanajeshi waliitania kwa jina la tunda dogo jekundu la porini.

Kisha ukaja mwaka 1917. Tsar aliondolewa madarakani, na vipini vilivyokuwa na herufi za jina lake vikaanza kupigwa tupa. Desemba ya mwaka huo serikali ya Wabolsheviki ikafuta vyeo vyote vya kijeshi na alama zake. Kubwa kati ya alama hizo ni pogoni, vile vibao vya mabegani vyenye nyuzi za dhahabu na nyota. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, jeshi la Weupe liliendelea kuvivaa, na "mwenye mabega ya dhahabu" likawa tusi. Ofisa aliyekamatwa navyo aliweza kupigwa risasi pale pale. Familia nyingi zilivichoma moto au kuvifukia, kwa maana kukutwa navyo sandukuni ilikuwa hatari hata miaka mingi baada ya vita.

Sasa sikiliza. Januari 1943, mapigano ya Stalingrad yakiwa bado hayajaisha, Stalin alivirudisha vibao vile vile. Neno "ofisa" nalo likarudi. Kijana aliyeving'oa mabegani mwa watu mwaka 1918, kama alikuwa hai na angali jeshini, sasa alishona vya kwake.

Upande wa Balkani kuna kisa kingine. Bulgaria ilipokombolewa kutoka kwa Waturuki katika vita vya 1877 na 1878, jeshi lake jipya lilijengwa na maofisa wa Urusi, na sare zake zikafuata mtindo wa Kirusi, mabega na yote. Mwaka 1885 Tsar aliwaita maofisa wake nyumbani, lakini mtindo ukabaki. Mwaka 1916, huko Dobruja, Wabulgaria na Warusi walipigana wakiwa wamevaa mabega yanayofanana kama ya ndugu.

Baada ya Umoja wa Sovieti kuvunjika mwaka 1991, kofia na beji zilimwagwa barabarani Moscow na Berlin kama mitumba, na wahunzi wa bandia wakapata soko. Kuna wanaochukua kipini kilichopigwa tupa wakachonga upya herufi za Tsar, kisha wakakisugua mpaka king'ae, maana mnunuzi mgeni anapenda kizima. Mimi naona huo ni uharibifu kuliko ule wa tupa. Aliyepiga tupa mwaka 1917 alikuwa anaokoa shingo yake, au alikuwa anashangilia. Mikwaruzo yake ndiyo hati pekee aliyotuachia, na fundi wa leo anaifuta kwa msasa alasiri moja.